Sare ya Damu ya Mzee

Ulikuwa mwaka ambao watu wa Guangzhou waliacha kula kuku. Ugonjwa wa ndege ulikuwa umeingia Hong Kong, kuku wakachinjwa wakatupwa kwa malori, na hofu ikavuka kuja upande wetu kabla ya ugonjwa wenyewe. Mkahawa wa Waislamu wa Kichina kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, uliokuwa ukituuzia supu ya kuku tukatowelea mkate, ukabaki na kondoo na tambi, tambi na kondoo, mpaka mwenzangu Pili akasema siku akishuka Unguja atafungua mdomo asalimie ndugu zake atoe sauti ya kondoo. Nyumbani nako mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara. Kila tukipiga simu tunaambiwa nyanya hakuna, vitunguu hakuna, watu wanapika mchuzi kwa ukwaju. Kwa hiyo nikitaka kuukumbuka mwaka ule sihangaiki na tarehe. Ni mwaka wa kondoo huku na ukwaju kule, na mwanangu Zuhura anaolewa.

Nimeukumbuka kwa sababu wiki iliyopita Mgiriki amekuja. Aliingia getini kwangu Magomeni, kichwa cheupe kama sufi, koti mkononi, jasho linamtiririka, na watoto wa jirani wakamfuata wakidhani ni mzungu wa kugawa vyandarua. Akavua viatu mlangoni kama nilivyomfundisha. "Shikamoo mama." Nikamwambia marahaba, umezeeka vibaya. Akasema, "Wewe hapana zeeka." Nikamwambia mwongo mkubwa, kaa. Mjukuu wangu Nasra, binti wa Zuhura, ambaye wiki hiyo alikuwa ndani anasingwa kwa ajili ya harusi yake, akachungulia pazia, akamtazama, akarudi kwenye simu yake, akanitolea picha. Majumba yenye roshani za dhahabu, watu wamesimama wanapiga makofi, na yule mtu katikati yao ameinama, koti limemkaa kama limeazimwa. "Bibi, huyu anajulikana dunia nzima. Anasimamisha michezo ya kuimba, anaitwa nchi hii na ile." Nikamwambia mimi nilimjua kabla dunia haijamjua, wakati hana hata soksi mbili zinazofanana. Hilo ni kweli na sina haja ya kulisema kwa unyenyekevu. Basi alikuja kuniomba kitu kile kile alichoniomba mwaka wa kondoo, na ili jibu langu lieleweke lazima nianzie chumbani.

Chumba chetu cha Guangzhou kilikuwa ghorofa ya tatu, cha vitanda viwili, mimi na Pili. Pili alikuwa mfanyabiashara wa mapazia na viatu vya watoto, mwanamke mnene, mcheshi, ana kicheko cha kuamsha wafu. Mimi nilikuwa wa vitambaa. Shule niliishia darasa la nne, lakini kitambaa nikikisugua kwa vidole viwili nakuambia kitachuja au hakichuji. Baridi ya kule ni ya majimaji, inaingia kwenye blanketi inalala na wewe. Sufuria yetu ya umeme ilikuwa ya wali, ila sisi tuliipikia kila kitu: wali, chai, mchuzi wa samaki wa kopo, hata chapati moja moja zilizotoka zimekunjamana kama sikio. Chumba kizima kilinuka iliki na nguo mpya. Ukutani juu ya kitanda changu nilibandika picha ya harusi ya mpwa wangu, wanawake wa upande wetu wote wamevaa kijani. Na chini ya kitanda, nimeyafunika kwa khanga kuukuu, palikuwa na majora ya sare ya Zuhura.

Niseme habari ya sare, maana wajukuu wa siku hizi wanadhani ni jambo la kupigia picha tu. Ukiozesha binti, wanawake wa upande wako wanavaa kitambaa kimoja. Wewe mama ndiye unayekichagua, unakigawa, na kila mmoja anakwenda kwa fundi wake kushona mshono wake. Shangazi, mawifi, majirani, shoga zako wa kufa na kuzikana. Ukimpunja mmoja, ukampa kipande kisichotosha mikono, atakukumbusha mpaka kwenye kisomo chako. Nililitafuta hilo jora soko zima la vitambaa la Zhongda, kwenye vibanda vya mabati, matope mpaka vifundoni, mpaka nikalipata kwa mama mmoja mwenye jino la fedha. Kule kila mwenye duka unamwita laobani, na huyu laobani alinipa majora yaliyokuwepo, kisha akapunga mikono miwili usoni pangu, "meiyou, meiyou," hakuna tena, kiwanda kimeacha kulifuma. Rangi yake damu ya mzee, ile nyekundu iliyoiva ikaingia weusi, na pembeni kuna kijiua cheusi kidogo kama punje ya pilipili manga. Kitambaa chenyewe kilikuwa kinaanguka mwilini kama maji. Mizigo mingine niliikabidhi kwa wakala aipeleke bandarini Huangpu ipande meli. Sare nilisema nitapanda nayo ndege mwenyewe, na kama ndege haiitaki, basi nabaki nayo.

Siku ile ile, pale pale kibandani, Pili alikuwa ananilalamikia kwa sauti, "Huyu mwanamke anatutazama kama tumekuja kumwibia mume," tukasikia nyuma yetu, "Shikamoo mama." Tukageuka. Mzungu mwembamba, pua ndefu, nywele nyeusi zimemsimama. Akasema, "Mimi ya Kilosa." Pili alicheka mpaka akakalia jora la watu. Kumbe kweli. Alizaliwa kwenye shamba la mkonge Kilosa, akalelewa na yaya, wazazi wake wakahama naye akiwa bado ana mapengo ya meno, na Kiswahili chake kilibaki pale pale, cha mtoto wa miaka saba. Mgiriki niliyekuwa namjua mimi ni wa mkonge tu, kwa hiyo Pili akambatiza Bwana Mkonge, ingawa jina lake Aristidi. Nikamuuliza, huyo yaya wako jina lake nani? Akasema, "Yaya." Nikamwambia yaya ni kazi, nakuuliza jina. Akatazama viatu vyake. Nikamwambia, "Mtu amekubeba mgongoni mpaka ukajua kusema shikamoo, na jina lake hulijui." Masikio yakamwiva. Pili akanifinya. Lakini kesho yake adhuhuri alitugongea mlango akaja kula, na kesho kutwa, na siku zote baada ya hapo. Sijui kilichomleta ni aibu au njaa. Alikuwa anakula wali kwa mkono, vizuri kuliko baadhi ya Waswahili ninaowajua.

Ndipo akatueleza kazi yake. Kulikuwa na kikundi cha waimbaji pale mjini, wa michezo yao ya kale ya kuimba, wamekubali awatengenezee mchezo mmoja wa hadithi ya kwao Ugiriki. Pili akataka kuelewa. "Wewe ndiye unayeimba?" Akasema haimbi. "Unacheza ngoma?" Hachezi. "Unapiga kinanda?" Hapana. "Sasa unafanya nini?" Akasema yeye anaambia watu wasimame wapi, watembee vipi, wanyamaze lini. Pili akapiga kofi pajani. "Basi wewe nyapara." Mgiriki aliacha tonge mdomoni akacheka mpaka machozi. "Ndiyo. Mimi nyapara." Lakini siku nyingine, wali umekwisha, tunakunywa chai, alitwambia mengine. Kwao alikwisha kusimamisha michezo miwili na yote miwili imeanguka, watu wameondoka katikati, magazeti yamemcheka. Huu wa Guangzhou ndio alioupata kwa kuomba. Ukianguka nao, kaka yake ana duka la vigae, amekwisha kumwekea kiti nyuma ya kaunta. Alisema "vigae" kwa Kigiriki, akagonga sakafu kwa kidole tukaelewa. Sikuwahi kuona mtu anaogopa sakafu namna ile.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya wanawake wa mji mmoja wanaomsindikiza bibi harusi mpaka ufukweni, meli ya bwana harusi ije imchukue. Wanaimba, wanangoja, meli haiji. Ndiyo hiyo tu. Wale wanawake wasindikizaji wako jukwaani mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa ameagiza wote washonewe gauni moja, nyekundu, sawasawa, kama mstari wa matofali. Sasa huko walikokipeleka kitambaa kutiwa rangi kikafuliwa mara moja, nyekundu ikakimbia. Alitujia na kipande mkononi. Kimekuwa rangi ya fizi. Nikakisugua kwa vidole nikamwambia hakuna dawa, hiki kimekufa. Mchezo ulikuwa Jumapili inayofuata. Akakaa kitandani kwangu, sahani magotini, hali. Akasogeza miguu, kisigino kikagonga jora.

Alipiga magoti akainua khanga. Niliona mgongo wake unatulia, kama mtu aliyesikia jina lake linaitwa mbali. Akavuta ncha ya kitambaa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mama, hii rangi jina lake nani?" Nikamwambia damu ya mzee. Akalisema polepole, "Damu ya mzee," akalisema tena. Kisha akageuka na nilijua kabla hajafungua mdomo. Akasema atakinunua chote. Nikasema hakiuzwi. Akasema basi nimwazime, siku moja tu, atakifua, atakipiga pasi, atakirudisha mwenyewe. Nikamwambia:

"Kitambaa hiki kina wenyewe, na wenyewe wananisubiri."

Pili, ambaye alikuwa ameanza kumwonea huruma tangu aingie, akaingilia. "Mama Zuhura, mpe nusu basi. Nusu tu, maskini." Nikamwambia nusu ya sare ni ugomvi, wewe mwenyewe unajua, au unataka nikuanze wewe kukupunja? Akanyamaza, maana kipande chake kilikuwemo humo humo. Mgiriki akasema, "Mama, mimi naanguka hapa, basi. Vigae mpaka kufa." Alisema bila kulia, na ndiyo iliyoniuma. Nikamwambia Aristidi, sikiliza. Bibi harusi wako haolewi. Anakaa ufukweni mpaka mwisho. Unataka wapambe wa mwanangu waingie ukumbini na nguo iliyomsindikiza msichana akakosa mume? Akasema si kweli, ni hadithi. Nikamwambia Zuhura ni kweli. Huruma nilikuwa nayo, tena nyingi. Mpaka leo nikifikiri uso wake pale chini najisikia vibaya kidogo kifuani, lakini kidogo tu, na ningerudishwa chumbani mle kesho ningesema lile lile. Niliwaona wanawake wangu, mmoja mmoja, na mafundi wao. Ningewaambia nini? Kwamba nimewavua nguo nikampa Mgiriki?

Chai ikapoa. Macho ya Mgiriki yakapanda ukutani, kwenye ile picha ya kijani, akaitazama muda mrefu kama mtu anayesoma. Akasema, "Kitambaa moja. Lakini nguo hapana moja." Pili akamgeukia, hasira za kuninyamazia mimi akazimalizia kwake. "Sasa ulitaka tufanane kama watoto wa shule? Kila mtu ana fundi wake na kila mtu ana makalio yake. Huyu unayemwona hapa mwenye mabega ya puto, amefanya makusudi kumfunika huyu, walikuwa na ugomvi wao. Huyu amefunika shingo kwa sababu hana mkufu. Wewe hao wako umewapanga kama sabuni dukani, halafu unalilia rangi." Yeye alikuwa anamtania, mdomo wa Pili haukuwa na breki. Lakini Mgiriki alisimama. Akaniuliza yule mwenye mabega ni nani, na aliyesukumwa pembeni ni nani, na nani ameshona bila kuambiwa. Nikamjibu yote, kwa kuwa umbea wa harusi hauna gharama. Akashuka ngazi viatu mkononi, wali wake haujaguswa. Pili akaula.

Jumapili mchana alitupeleka. Ukumbi wa zamani, viti vya mbao, baridi ile ile. Watu walikuwa wanabangua mbegu za maboga na kutupa maganda chini, wanaongea, wazee wamekuja na chupa zao za chai, nikajisikia nyumbani zaidi ya nilivyotazamia. Sikuwahi kuingia mahali pa mchezo maishani mwangu isipokuwa taarabu. Ngoma ikalia, wakaanza kuimba kwa ile sauti yao nyembamba inayopanda mpaka unatafuta dari. Kisha wanawake wakatoka. Kitambaa kilikuwa kile kile kilichokufa, rangi ya fizi, hakutafuta kingine. Lakini alikuwa amewagawia wakashone watakavyo. Mmoja mzee ametoka na kola ndefu mpaka kidevuni. Mmoja mikono inaburuta chini. Mmoja amebana kiuno kwa ukorofi, na aliyesimama karibu naye amejitia mkia nyuma ili asishindwe. Mmoja ameshona mfuko, nadhani alitaka tu mahali pa kuweka mikono. Hawakusimama kama matofali. Wakawa wanatazamana nguo, wanasogeana, wanakwepana, na yule bibi harusi katikati yao. Nikamwambia Pili, yule wa mabega yupo. Akaniambia, "Namwona, na yule adui yake yule pale." Tulikuwa hatuelewi hata neno moja, tunaelewa kila kitu. Watu wa mbele yetu walikuwa wameacha kubangua mbegu.

Mwisho bibi harusi amekaa chini anatazama bahari, wanawake nyuma yake, na mmoja mmoja wanaanza kumvua mapambo, polepole, bila kuimba. Nililia. Pili akanipiga kiwiko. "Unalia nini, wako anaolewa." Nikamwambia ndiyo hicho ninacholilia. Makofi yalianza upande wa nyuma yakaja mpaka mbele. Mgiriki akatolewa kwa kuvutwa mkono, akasimama pale na koti lake kubwa, anakodoa macho kama mtu aliyeamshwa. Vigae vya kaka yake vikabaki na kaka yake.

Siku ya kuondoka ni yeye aliyebeba majora yangu begani mpaka kwenye teksi, ngazi zote tatu, wala hakuniomba tena. Zuhura akaolewa baada ya Idi. Wanawake wangu wakaingia ukumbini na damu ya mzee, hakuna aliyepungukiwa hata mkono, na nasema bila haya kwamba Magomeni haikuwahi kuona sare iliyoanguka mwilini namna ile. Pili alivuka kutoka Unguja na mshono wa mkia. Nikampelekea Mgiriki picha. Akawa ananiletea kadi, ya Athene, ya Ujerumani, ya Italia, kila moja ina jumba kubwa kuliko lililopita. Nasra amenionyesha kwenye simu kwamba miaka yote hiyo, wanawake wake wa jukwaani huvaa kitambaa kimoja na kila mmoja mshono wake. Wataalamu wameandika juu ya jambo hilo, wamelipa jina refu. Sisi tunaita sare. Pili amefariki, Mungu amrehemu, angelisikia hilo jina refu angekalia jora la watu mara ya pili.

Sasa nirudi wiki iliyopita. Nilimwekea chai, akanywa, akaweka kikombe chini kwa mikono miwili. "Mama, mimi nimetoka Kilosa. Nimepata jina. Mwajuma." Alikuwa amewauliza wazee wa pale mmoja baada ya mwingine mpaka akaonyeshwa kaburi. Nilimwongezea chai na kipande cha mkate wa kumimina, kikubwa. Ndipo akaleta la pili. Mji wa baba yake unajenga jumba la kuweka nguo za kazi zake zote, ndani ya vioo, na mlangoni kabisa, kabla ya nguo nyingine yoyote, anataka iwekwe sare yangu. Akasema zote zimezaliwa na hiyo. Nikamwambia aje harusini Jumamosi, nitamjibu.

Jumamosi alikuja na suti na viatu mkononi. Vijana wamechagua sare yao, buluu, nzuri haina tatizo. Lakini wanawake tuliomwoza Zuhura tulikubaliana zamani kwamba siku akiozesha yeye tutaitoa tena damu ya mzee. Waliokufa, binti zao wamevaa. Mkia wa Pili amekuja nao mwanawe, kutoka Unguja, na kicheko ni kile kile. Yangu fundi ameifungua mbavuni akaongezea kipande cha jora nilichokihifadhi, na haijachuja. Nilikuwa mbele ya kioo, Zuhura ananifunga kishikizo cha nyuma, nje basi limekwisha kuwashwa na wanawake wanaimba humo ndani wananiita. Mgiriki amesimama mlangoni, haniombi kwa mdomo, macho tu. Nasra aliyepambwa tayari, na ambaye hajui kunyamaza, akaniomba yeye. "Bibi, ukishaivua leo, mpe. Watu wa dunia nzima watakuja kuiona."

Nikachukua mtandio wangu. Nikamwambia Mgiriki, yeye, siyo mtoto:

"Kitambaa hiki kina wenyewe, na wenyewe wananisubiri."